Staring Hafi, Lakini Mkono Ulienda Wapi?

Mtoto wa Ukunda huijua sheria hii kabla hajalijua jedwali la kuzidisha: staring hafi. Hakuna aliyemfundisha darasani. Aliipata kwenye kibanda cha video, amebanwa kwenye benchi lisilo na mgongo, bati juu, joto kila upande, gunia limetundikwa mlangoni kuzuia mwanga, sauti ya DJ Afro ikipasua spika. Risasi zimiminwe kama mvua ya Mei, staring atapita katikati yake kama mtu anayevuka barabara kununua mahamri. Ikimpata moja, itakuwa ya bega. Na ukimwona mtu anatoa picha ya mchumba wake mfukoni, basi jua huyo si staring. Huyo ni rafiki ya staring, na kaburi lake liko dakika kumi mbele.

Tunaicheka sheria hii, manake sote tumekua nayo. Lakini nadhani ndiyo jambo la maana zaidi katika ule mjadala mrefu wa filamu za vita na tabia za watoto. Na ni jambo ambalo wanaolalamika hawalitaji kabisa.

Huku kusini kesi dhidi ya video ni ya zamani. Kila vijana wenye mapanga wanapozuka Likoni au Kisauni, na habari zao zikavuka hadi Ngombeni, Tiwi na Diani, jibu huwa tayari kwenye baraza: ni zile filamu. Vijana wenyewe hawasaidii. Majina ya makundi ya Mombasa kama Wakali Wao na Wakali Kwanza yanasikika kama yametolewa kwenye bango la sinema. Na sheria ya nchi iko upande wa wanaolalamika. Sura ya 222 inataka filamu ikaguliwe kabla haijaonyeshwa hadharani, na Bodi ya Kuainisha Filamu nchini ina alama zake: GE kwa watu wote, PG mtoto awe na mzazi, halafu 16, halafu 18. Hebu niambie ni kibanda gani kati ya Kombani na Lunga Lunga ulichowahi kuulizwa miaka yako mlangoni. Huulizwa shilingi kumi tu.

Siidharau hofu hiyo. Mama anayetoka alfajiri kwenda kuuza mbaazi huku akisikiliza nyayo nyuma yake hahitaji kusomewa nadharia na mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili. Ninachosema ni kwamba hofu yake inastahili jibu bora kuliko hili la "fungeni vibanda".

Tuanze na ushahidi, kwa sababu upo. Unaotajwa kuliko wote ni wa Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka wa 1961 alichukua watoto 72 wa shule ya chekechea. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mdoli mkubwa wa kujazwa upepo, aitwaye Bobo: ngumi, teke, nyundo, na maneno ya kishari. Watoto hao walipoachwa na mdoli huyo baadaye, walimpiga vilevile. Hapo ndipo wengi wetu tunapofunga kitabu na kusema, umeona? Video!

Pole pole. Jaribio hilo la kwanza halikuwa na video hata kidogo. Aliyempiga Bobo alikuwa mtu mzima wa nyama na damu, ndani ya chumba kimoja na watoto. Filamu na mtu aliyevalishwa kama katuni viliongezwa mwaka wa 1963, na ndiyo, navyo viliwafanya watoto wampige mdoli zaidi. Lakini ushahidi tunaoutumia kuifunga televisheni ulianza kama ushahidi dhidi ya watu wazima. Nitalirudia hili.

Jaribio linalonishika zaidi ni la 1965, na huku kwetu sijawahi kulisikia likitajwa. Bandura aliwaonyesha watoto filamu ileile yenye miisho tofauti. Katika mmoja, mpigaji anapewa zawadi na kusifiwa. Katika mwingine anakaripiwa na kuadhibiwa. Katika wa tatu hakuna linalomfika. Walioona mpigaji akiadhibiwa ndio walioiga kidogo zaidi. Lakini watoto walipoahidiwa zawadi ili waonyeshe walichokiona, wa makundi yote waliweza kukifanya. Yaani wote walikuwa wamejifunza. Mwisho wa hadithi haukufuta somo, ila ulimwambia mtoto kama ni jambo la kutumia au la kuacha.

Na kuna kitu kingine kuhusu yule mdoli. Bobo ana uzito chini, ukimpiga anainama, halafu anasimama tena. Umpige mara mia, atasimama mara mia, na uso wake wa tabasamu. Bobo mwenyewe ni staring. Hafi.

Sasa twende kwenye filamu zenyewe, kwa sababu mabaraza yetu huzungumzia "filamu za vita" kana kwamba zote ni moja. Nachukua mbili ambazo mtu yeyote aliyekaa kwenye vibanda vya pwani anazijua: Commando ya Arnold Schwarzenegger, ya 1985, na Sholay ya Ramesh Sippy, ya 1975. Nazichagua kwa sababu katika kila moja mtu anakatwa mkono.

Katika Commando, John Matrix ametekewa bintiye. Anafika kisiwani, anaua askari hadi hesabu inapotea, halafu anajeruhiwa na kukimbilia kwenye kibanda cha zana za bustani. Askari wanakimiminia risasi. Anatoka humo na alichokikuta: uma wa kulimia, misumeno ya duara anayoirusha kama sahani, shoka, na panga. Kwa panga hilo anamkata askari mkono. Tunauona ukikatika. Tunasikia kelele. Kisha Matrix anaokota bunduki na kuendelea na safari.

Mtoto wa Msambweni anakijua kile kibanda. Kwao kipo kama hicho, nyuma ya nyumba, chenye jembe, panga la kufyekea na mundu wa mgema. Bunduki ya Matrix haipati, lakini panga lile analo, na jana alipasulia nazi nalo. Kwa hiyo ukiniuliza ni sekunde gani za Commando zinazomgusa mtoto wa huku, sitakwambia mabomu. Nitakwambia zile sekunde chache za kibandani. Na kasoro yake kubwa kwangu ni kwamba mkono unakatika na mwenyewe anatoweka. Hana jina. Hatujui kama alikufa au aliishi. Hakuna zahanati, hakuna mtu wa kumfunga nguo pale damu inapotoka, hakuna mama. Mwisho wa filamu Matrix anaondoka na bintiye, wasafi roho zao, na kisiwa kizima cha maiti kinabaki nyuma kama ganda la muwa.

Sholay nayo ina damu, hilo halina ubishi. Jambazi Gabbar Singh anaiua karibu familia nzima ya Thakur, afisa wa polisi aliyemkamata, pamoja na mjukuu mdogo. Thakur anamfuata kwa hasira, anakamatwa, na Gabbar anamkata mikono yote miwili. Lakini tazama Sippy anavyofanya. Panga linapanda juu, linashuka, na kabla halijafika picha inahama. Hatuuoni mkono ukikatika. Tunachokiona ni Thakur wa miaka ya baadaye, mabega bila mikono. Na hapo ndipo unapoielewa nusu ya kwanza ya filamu: kwa nini kila wakati amejifunika shali, kwa nini mtumishi wake yuko karibu daima, na kwa nini siku ya Holi, wakati bunduki ilikuwa karibu na miguu yake na Veeru na Jai wako hatarini, hakuinama kuiokota. Walimwona mwoga. Hakuwa na cha kuokotea.

Mkono wa Commando unaonekana kwa nusu sekunde na kusahauliwa. Mikono ya Sholay haionekani ikikatika, na filamu ya zaidi ya saa tatu haiwezi kuisahau. Isitoshe, Sholay inaivunja ile sheria yetu. Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, ni staring, na anakufa. Anakufa polepole, kwenye mapaja ya rafiki yake, na mjane aliyekuwa ameanza kumpenda anabaki mjane mara ya pili. Niliwahi kukaa kwenye kibanda kilichojaa wavulana wenye midomo mirefu wakati wa sehemu hiyo. Hakuna aliyepiga mluzi. Mmoja nyuma yangu alisema tu, "Aah, si huyu lakini." Kwa wale wavulana kifo kilikuwa kimegharimu kitu, ambacho maiti wote wa Commando hawakuweza kukifanya.

Hata wakaguzi waliigusa filamu hii. Sippy alikuwa amepiga mwisho ambao Thakur anamuua Gabbar kwa miguu yake. India ilikuwa chini ya hali ya hatari mwaka huo wa 1975, na bodi ya ukaguzi ikataka mwisho mwingine, hivyo polisi wanafika na kumzuia. Wengi huona mwisho huo ni wa kulazimishwa, nami naona hivyo. Lakini angalau wale walishughulika na mwisho. Sisi tunahesabu damu. Kwa hesabu ya damu, filamu inayokata mkono bila kuuonyesha ni nafuu, na inayouonyesha ni mbaya, bwana tumemaliza. Hakuna alama inayomwambia mzazi: humu watu hufa bila kuzikwa.

Kuna sauti moja sijaizungumzia. Kibandani mtoto hatazami Commando ya Hollywood. Anatazama Commando iliyosimuliwa. DJ Afro hapa kwetu, VJ Jingo kule Uganda, Lufufu Tanzania: hawa hawatafsiri, wanahadithia upya. Wanampa jambazi jina la utani, wanatania suruali yake, wanamkemea, wanatuambia kitakachotokea kabla hakijatokea. Wasomi wa mjini huwaona ni wachafuzi wa filamu. Mimi naona wanafanya kazi kongwe kuliko filamu.

Wawa, yaani nyanya yetu, alikuwa na hadithi ya zimwi na ngoma. Msichana anasahau kombe lake pwani, anarudi peke yake, zimwi linamkamata na kumtia ndani ya ngoma. Kila kijiji linapigiwa chakula, ngoma inapigwa, na mtoto ndani anaimba. Ukiipima kwa alama za bodi, hiyo ni 18 bila mjadala: utekaji, njaa, na mwishoni zimwi linafungua ngoma iliyojazwa nyuki na nyoka. Tuliisikia tukiwa na miaka minne. Lakini wimbo wa mtoto tuliuimba sisi, wote pamoja, hivyo kwa muda tulikuwa ndani ya ngoma. Tena ukiogopa ungeuliza, na wawa angejibu, au angekwambia ulale.

Msimulizi wa filamu yuko katikati ya wawa na Hollywood. Ana faida moja kubwa: anamkumbusha mtoto kwamba hii ni hadithi na kuna mtu anayeihadithia. Damu yenye mzaha juu yake si damu tena, ni rangi. Lakini lazima niseme na upande wa pili, kwani nampenda DJ Afro na sitaki kumbembeleza. Mzaha wake mara nyingi uko upande wa staring. Anayekufa ndiye anayechekwa. Yule askari asiye na jina angeweza kupewa jina, manake kumpa jina ni kazi ya mdomo tu. Badala yake anapewa kichekesho na anazikwa nacho. Ana uwezo wa kufanya kile ambacho Sippy alikifanya kwa mamilioni ya rupia, naye haufanyii kazi.

Hata hivyo, ukilinganisha na kilichokuja baada yake, kibanda kilikuwa karibu madrasa. Mtaani kwetu kimoja kilifungwa baada ya wazazi kulalamika, na watu walipongezana. Wavulana hawakwenda kusoma. Walikaa chini ya mwembe, watano kwa simu moja, halafu kila mmoja akapata yake. Na kwenye simu hakuna Commando. Kuna video ya mwizi wa pikipiki akipigwa mawe na kuvishwa tairi. Ni mtu kweli, kwenye barabara kweli, imetumwa WhatsApp na mjomba, na imepitia makundi matatu ya watu wazima kabla haijamfikia mtoto wa miaka kumi na moja. Hakuna msimulizi. Hakuna mwanzo wala mwisho. Hakuna wa kuuliza, kwa sababu anaitazama chini ya shuka. Na ukisikiliza sauti za nyuma, ni sauti za watu wazima wakisema: ongeza.

Hapo narudi kwa Bandura wa 1961 na yule mtu mzima ndani ya chumba. Mwaka wa 2019 watafiti Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff walichapisha utafiti wa vijana 1,004 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15, pamoja na walezi wao, na hawakukuta uhusiano kati ya kucheza michezo ya video ya vita na ukali wa tabia. Wengine wanawapinga, na mabishano hayajaisha. Uingereza pia si Kwale. Ila mtu akitaka kuniambia panga la Likoni lilitoka kwenye skrini, kwanza anieleze lile lililotangulia.

Tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa, bunduki zikachukuliwa, na watu wa bara wakaanza kuwindwa nyumba kwa nyumba. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2002, ilihesabu zaidi ya watu 100 waliouawa na takriban 100,000 waliohama. Waliofanya walikuwa vijana wa huku kwetu. Walikusanywa, wakalishwa kiapo, wakafunzwa katika msitu wa Kaya Bombo, na hasira yao ya ardhi na kazi, ambayo ilikuwa hasira ya kweli, ikatiwa mkononi mwa siasa za mwaka wa uchaguzi. Hawakuhitaji Schwarzenegger. Walikuwa na watu wazima.

Na si lazima tufike huko. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, Katiba ya 2010 ikakataza tena katika kifungu cha 29, sheria ya elimu ya 2013 ikarudia. Mara tatu! Muulize mtoto yeyote wa darasa la tano kama amewahi kukiona. Anachojifunza hapo ni sheria ileile ya kibandani: mwenye nguvu akipiga, hakuna linalomfika. Mwalimu ni staring. Wanaoua mzee kwa kumwita mchawi ni staring. Umati wa tairi ni staring. Siku ya pili wote wako dukani wananunua mkate.

Kwa hiyo sisemi filamu hazina lawama. Nasema lawama yake iko mahali tusipotazama. Mtoto haharibiwi na ngumi. Anaharibiwa na ngumi isiyoacha alama, na filamu nyingi zimejaa ngumi hizo, sawasawa na mitaa yetu. Bodi ikitaka kutusaidia, iongeze swali moja kwenye fomu zake: anayeumizwa humu, tunamwona tena? Wenye vibanda, badala ya kufungiwa, waombwe waweke Sholay siku ya Jumamosi baada ya Commando, na waache watoto wabishane. Na DJ Afro, kama neno hili litamfika, ajaribu mara moja tu kumpa jina yule askari.

Sisi wengine hatuhitaji leseni. Filamu ikiisha, au simu ikizimwa, muulize mtoto aliye karibu nawe: yule aliyekatwa mkono alienda wapi? Nani alimpeleka hospitali? Kwao walisemaje? Atakutazama kama umepungukiwa na akili. Uliza tu. Siku anayoanza kukujibu, huyo ameshaanza kuitilia shaka sheria ya staring.